Kutatua milinganyo ya kipeo cha pili: mwongozo kamili, kutoka kwenye mraba hadi kwenye kanuni

Bustani ya mstatili ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Imezungukwa pande zote na njia ya kupita watu, yenye upana ulio sawa kila mahali. Bustani pamoja na njia yake vinachukua mita za mraba 140. Upana wa njia ni mita ngapi?

Upana huo tuuite x. Njia inaongezeka huku na huku, kwa hiyo urefu wote ni 12 + 2x na upana wote ni 8 + 2x. Tunapata:

(12 + 2x)(8 + 2x) = 140

Fungua mabano: 96 + 40x + 4x² = 140. Toa 140 pande zote mbili, kisha gawanya kila sehemu kwa 4:

x² + 10x − 11 = 0

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Katika mlinganyo kama 3x + 5 = 20 unahamisha 5, unagawanya kwa 3, umemaliza. Huu wa bustani haukubali hivyo, kwa sababu x imejitokeza mara mbili, kwenye x² na kwenye 10x, na vitu hivyo viwili haviwezi kujumlishwa kuwa kimoja. Shida yote ya milinganyo ya kipeo cha pili ni hiyo, na njia zote utakazosoma hapa chini zina kazi moja: kuupanga mlinganyo upya ili x ibaki mahali pamoja na uweze kuifikia.

Ninalisema mapema kwa sababu shuleni mara nyingi mwanafunzi hukabidhiwa kanuni ndefu yenye b² − 4ac na kuambiwa aikariri. Anaikariri, anaitumia mtihani mmoja, anaisahau. Mwenye kuelewa mraba uliofichika ndani ya kanuni hiyo anaweza kuiandika upya wakati wowote. Kwa hiyo humu kanuni itakuja karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: weka mlinganyo katika umbo lake

Umbo la kawaida ni ax² + bx + c = 0, ambapo a si sifuri. Herufi a ni namba tangamano ya x², yaani namba inayoizidisha, b ni namba tangamano ya x, na c ni namba iliyosimama peke yake. Kila mara hamishia vitu vyote upande mmoja na uache sifuri upande wa pili, kisha panga kuanzia x². Mlinganyo 7x = 4 − 2x² ukishapangwa unakuwa 2x² + 7x − 4 = 0, nao a = 2, b = 7, c = −4. Alama ya kutoa inakwenda pamoja na namba yake. Ukiandika c = 4 hapo, kazi yote inayofuata imeharibika hata kama hesabu zako ni safi.

Kuna aina mbili nyepesi ambazo hazihitaji mbinu yoyote. Kama b haipo, mfano 3x² − 48 = 0, basi x² = 16 na x = 4 au x = −4. Usiisahau −4, kwani hasi mara hasi ni chanya. Kama c haipo, mfano x² − 5x = 0, toa x nje ya mabano: x(x − 5) = 0, na majibu ni 0 na 5. Kishawishi hapa ni kuandika x² = 5x kisha kugawanya pande zote kwa x ili kupata x = 5. Ukifanya hivyo umepoteza jibu la 0, kwa sababu uligawanya kwa kitu ambacho huenda chenyewe ni sifuri. Usigawanye kamwe kwa x.

Njia ya vigawo

Njia hii inasimama juu ya ukweli mmoja: namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Hakuna namba nyingine yenye sifa hiyo. Ukiona (x − 2)(x − 3) = 6, huwezi kusema x − 2 = 6 au x − 3 = 6, maana 6 inaweza kutokana na 2 × 3, 1 × 6, ½ × 12 na jozi nyingine zisizo na idadi. Jaribu x = 8 uone: 6 × 5 ni 30. Lililo sahihi ni kufungua mabano, x² − 5x + 6 = 6, kisha x² − 5x = 0, na majibu ni 0 na 5. Ndiyo maana tunang'ang'ania sifuri upande wa kulia.

Tuchukue x² + 7x + 12 = 0. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni 12 na zikijumlishwa ni 7. Andika jozi za 12: 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4. Jozi ya mwisho ndiyo yenye jumla ya 7. Basi (x + 3)(x + 4) = 0, na majibu ni −3 na −4. Angalia kwamba alama zinageuka: ndani ya mabano kuna +3, jibu ni −3.

Alama za c na b zinakupunguzia kazi ya kubahatisha. c ikiwa chanya, namba zako mbili zina alama moja, ileile ya b. c ikiwa hasi, zina alama tofauti, na kubwa inafuata alama ya b. Katika x² − 5x − 24 = 0 unatafuta jozi ya 24 yenye tofauti ya 5, yaani 8 na 3. Kubwa inachukua hasi: (x − 8)(x + 3) = 0, majibu ni 8 na −3.

Pale a isipokuwa 1, kuna hatua moja zaidi. Mfano 6x² + x − 12 = 0. Zidisha a kwa c: 6 × (−12) = −72. Tafuta namba mbili zenye zao la −72 na jumla ya 1: ni 9 na −8. Sasa ivunje x ya katikati kwa namba hizo:

6x² + 9x − 8x − 12 = 0
3x(2x + 3) − 4(2x + 3) = 0
(2x + 3)(3x − 4) = 0

Majibu ni −3/2 na 4/3. Mabano mawili ya mstari wa pili yasipofanana, kuna alama uliyoikosea, na mara nyingi ni ile ya kutoa 4 hasi nje ya mabano ya mwisho.

Nusu ya jumla: jozi zikikataa

Sasa jaribu x² − 8x + 11 = 0. Jozi ya 11 ni moja tu, 1 na 11, na jumla yake si 8. Wengi hapa hutupa kalamu. Lakini rudi kwenye swali lenyewe: majibu tunayoyatafuta, alama ya −8 ikishageuka, ni namba mbili zenye jumla ya 8 na zao la 11. Hakuna aliyesema ni lazima ziwe namba nzima.

Kama jumla yao ni 8, katikati yao ni 4. Moja imezidi 4 kwa kiasi fulani na nyingine imepungua kwa kiasi hichohicho. Kiasi hicho tukiite u. Namba zetu ni 4 + u na 4 − u, na zao lake ni 16 − u². Basi 16 − u² = 11, u² = 5, na u ni kipeuo cha pili cha 5. Majibu ni 4 + √5 na 4 − √5, takriban 6.236 na 1.764. Zijumlishe: 8. Zizidishe: 11, ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria.

Waandishi wa Babeli ya kale, katika Iraki ya leo, walitatua matatizo ya jumla na zao kwa hatua kama hizi kwenye vibao vya udongo karibu miaka 3,800 iliyopita. Mwaka 2019 Po-Shen Loh, mwanahisabati wa Marekani, aliirudisha mbinu hii mbele ya walimu wa leo kama njia ya kufundishia. Naipenda kwa sababu mwanafunzi hahitaji kubahatisha jozi. Inamwonyesha pia jambo ambalo kanuni hulificha: majibu mawili hukaa kwa umbali sawa kutoka katikati, na katikati hiyo daima ni −b/2a.

Kukamilisha mraba

Karibu mwaka 820, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika huko Baghdad kitabu cha hesabu ambamo milinganyo hii imepangwa katika aina sita na kila aina imeelezwa kwa maneno matupu, bila x wala alama ya usawa. Mfano wake mashuhuri ni huu: mraba ukijumlishwa na mizizi yake kumi unakuwa 39. Sisi tungeandika x² + 10x = 39. Akautatua kwa mchoro, na mchoro huo unastahili uuchore mwenyewe sasa hivi.

Chora mraba wenye upande x. Eneo lake ni x². Kile kipande cha 10x kigawe katika mistatili miwili, kila mmoja wenye urefu x na upana 5. Mmoja ubandike upande wa kulia wa mraba, mwingine chini yake. Umbo linalotokea linakaribia kuwa mraba mkubwa wenye upande x + 5, ila kona moja iko wazi. Kona hiyo ni mraba mdogo wa 5 kwa 5, yaani 25.

Ulichonacho kina eneo la 39. Ukiijaza kona, una 39 + 25 = 64. Mraba mkubwa wenye eneo la 64 una upande wa 8. Basi x + 5 = 8, na x = 3.

Kwa herufi ni hivi:

x² + 10x + 25 = 39 + 25
(x + 5)² = 64
x + 5 = 8 au x + 5 = −8
x = 3 au x = −13

Al-Khwarizmi aliishia kwenye 3, maana kwake x ilikuwa urefu, na namba hasi hazikuwa na nafasi katika kazi yake. Sisi tunaandika yote mawili, kisha tunaliuliza swali lipi linafaa.

Tazama kilichotokea kwa x: ilikuwa mahali pawili, sasa iko mahali pamoja, ndani ya mabano. Hatua za kukumbuka ni hizi. Gawanya kwanza kwa a ikiwa si 1. Peleka c upande wa kulia. Chukua nusu ya namba tangamano ya x, izidishe kwa yenyewe, ujumlishe pande zote mbili. Upande wa kushoto sasa ni mraba kamili. Tafuta kipeuo cha pili cha pande zote mbili, ukiandika chanya na hasi.

Mfano wenye a tofauti: 3x² − 12x + 5 = 0. Ukigawanya kwa 3 unapata x² − 4x = −5/3. Nusu ya −4 ni −2, na mraba wake ni 4. Hivyo (x − 2)² = 4 − 5/3 = 7/3, na x = 2 ± √(7/3), takriban 3.528 na 0.472. Kosa la kawaida hapa ni kujumlisha 4 upande wa kushoto tu. Mlinganyo ni mizani: ukiongeza huku, ongeza na kule.

Ile bustani sasa ni nyepesi. x² + 10x = 11, ongeza 25, (x + 5)² = 36, x = 1 au −11. Njia haiwezi kuwa na upana hasi, kwa hiyo ni mita 1. Hakikisha: 14 × 10 = 140.

Kanuni, na inakotoka

Kanuni si kitu kingine ila kukamilisha mraba mara moja kwa milinganyo yote. Vitabu vingi hugawanya kwa a na kuishia na sehemu zinazochosha macho. Kuna njia safi zaidi, ambayo Bhaskara wa Pili wa India, katika karne ya 12, aliinukuu kutoka kwa Sridhara aliyemtangulia. Anza na ax² + bx + c = 0 na uzidishe kila kitu kwa 4a:

4a²x² + 4abx + 4ac = 0

Hamisha 4ac, kisha jumlisha b² pande zote:

4a²x² + 4abx + b² = b² − 4ac

Upande wa kushoto ni mraba wa 2ax + b. Fungua mabano uthibitishe. Kwa hiyo:

(2ax + b)² = b² − 4ac
2ax + b = ±√(b² − 4ac)
x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Mistari hii michache iandike mara kadhaa kwa mkono bila kutazama. Ukiimudu, hutaogopa kuisahau kanuni.

Matumizi: 2x² − 5x − 4 = 0. Andika pembeni a = 2, b = −5, c = −4. Hesabu kwanza kilicho ndani ya kipeuo: (−5)² − 4(2)(−4) = 25 + 32 = 57. Kisha x = (5 ± √57)/4. Kama huna kikokotoo, 7.5 × 7.5 ni 56.25 na 7.6 × 7.6 ni 57.76, kwa hiyo jaribu 7.55, ambayo mraba wake ni 57.0025. Inatosha. Majibu ni takriban 3.14 na −0.64.

Alama huponyoka sehemu tatu. −b ni 5 kwa sababu b ni −5. Mraba wa −5 ni 25, si −25. Na mstari wa kugawanya unapita chini ya vyote, −b pamoja na kipeuo. Ukigawanya kipeuo peke yake, jibu si lako tena.

Namba iliyo chini ya kipeuo

b² − 4ac tuiite D. Ihesabu mapema, hata kabla ya kuchagua njia, kwani inakueleza mengi. D ikiwa chanya kuna majibu mawili. Ikiwa sifuri, jibu ni moja. Ikiwa hasi, hakuna namba halisi inayokidhi. Na kama a, b na c ni namba nzima na D ni mraba kamili kama 16, 49 au 121, vigawo vipo, vitafute. Kama si mraba kamili, usipoteze dakika kwenye jozi. Kwa x² + 11x + 26 = 0, D ni 121 − 104 = 17; nenda moja kwa moja kwenye mraba au kanuni.

Maana yake huonekana vizuri kwenye mpira uliorushwa juu. Ukirushwa wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na ukichukua mvutano wa dunia kuwa 10 na kupuuza ukinzani wa hewa, kimo chake baada ya sekunde t ni 20t − 5t². Lini utakuwa mita 15 juu? 20t − 5t² = 15 inarahisishwa kuwa t² − 4t + 3 = 0, na t = 1 au 3. Majibu yote mawili ni ya kweli: unapita mita 15 ukipanda, kisha ukishuka. Katikati yake, sekunde ya 2, mpira uko kileleni, mita 20. Uliza lini utafika mita 20: t² − 4t + 4 = 0, D ni sifuri, na wakati ni mmoja tu. Uliza lini utafika mita 25: t² − 4t + 5 = 0, D ni −4. Hautafika kamwe, na hesabu yenyewe imekataa. (Watakaoendelea na masomo ya juu watakutana na namba changamano, ambamo hata D hasi ina majibu.)

Swali la maneno

Basi linasafiri kilomita 240. Kama lingeongeza mwendo kwa kilomita 20 kwa saa, lingefika saa moja mapema. Mwendo wake ni upi?

Mwendo ni x. Muda wa sasa ni 240/x, na muda wa mwendo ulioongezwa ni 240/(x + 20). Tofauti ni saa 1:

240/x − 240/(x + 20) = 1

Zidisha kila sehemu kwa x(x + 20) ili kuondoa asili:

240(x + 20) − 240x = x(x + 20)
4800 = x² + 20x

Nusu ya 20 ni 10, mraba wake ni 100. (x + 10)² = 4900, x + 10 = ±70, x = 60 au −80. Mwendo ni kilomita 60 kwa saa. Thibitisha kwa kurudi kwenye hadithi: 240 kwa 60 ni saa 4, na 240 kwa 80 ni saa 3. Uthibitisho ufanyie kwenye maneno ya swali, kwa sababu huenda mlinganyo wenyewe uliuandika vibaya tangu mwanzo, na jibu likaukubali mlinganyo mbovu.

Kwa milinganyo isiyo na hadithi kuna kipimo cha haraka: majibu mawili yakijumlishwa lazima yatoe −b/a, na yakizidishwa yatoe c/a.

Mazoezi

1. x² − 9x + 20 = 0
2. 5x² = 45x
3. x² + 6x − 2 = 0
4. 4x² − 20x + 25 = 0
5. 2x² + 3x + 4 = 0
6. Namba mbili shufwa zinazofuatana zina zao la 168. Ni zipi?

Majibu: la kwanza ni 4 na 5. La pili ni 0 na 9. Ukipata 9 pekee, uligawanya kwa x. La tatu ni −3 ± √11, takriban 0.317 na −6.317. La nne ni 5/2 tu. La tano halina jibu halisi, kwani D ni −23. La sita linatoa x² + 2x = 168, yaani (x + 1)² = 169, na x ni 12 au −14. Hapa −14 haitupwi. Swali limeuliza namba, halikuuliza urefu wala mwendo, kwa hiyo 12 na 14 ni jibu, na −14 na −12 pia ni jibu.